Kijana Aliyevuta Bangi na Kuugua Kichwa: Je, Alijitafutia?



Kuna neno moja tunalolisikia mara kwa mara nje ya nyumba ya sala, ibada ikiisha, watu wakisimama kando ya ukuta kutafuta kivuli. Kijana wa fulani ameugua kichwa. Usiku halali. Anasema peke yake, anacheka pasipo mtu wa kumchekesha, anakataa chakula cha mama yake akisema kina sumu. Wamama wanasikitika, na mmoja anafungua fundo la kitenge chake kutafuta franga za mchango. Ndipo mtu anasema kwa sauti ya chini: "Lakini huyo alikuwa akivuta bangi." Hapo nyuso zinageuka. Fundo linafungwa tena. "Basi, alijitafutia."

Neno hilo "alijitafutia" ndilo tunalotaka kulipima leo mbele yenu, maana sisi wenyewe tumelisema, na tulipolisema mtu aliumia.

Katika chumba chetu cha sala, hapa Beni, komini ya Beu, tulikuwa na kijana mpiga ngoma wa miaka 19. Jina lake tunaliacha. Ngoma kubwa ilikuwa yake, na hata wazee waliokuwa wakisinzia waliamka akiishika. Mwaka mmoja, wakati wa mvua, alianza kukesha. Akasema ameonyeshwa mambo. Tulifurahi. Katika kanisa kama letu mtu anayeona si mgeni, na kwa miezi mingi hatukuwa tumepata ujumbe wowote. Mzee mmoja alinunua daftari, akayaandika maono yale moja baada ya jingine, na tarehe zake.

Wiki ya tatu maono yaligeuka. Dada yake anamwekea sumu. Redio ya jirani inamtaja jina. Watu wa barabarani wanajua anachofikiri. Sasa tukasema ni pepo, tukamwingiza katika chumba cha maombi, tukafunga siku saba, kisha saba nyingine. Alipompiga mama mmoja wa maombi tulimfunga miguu kwa kamba. Tunaliandika jambo hili kwa haya. Alikaa kwetu karibu miezi minne, akikonda.

Halafu rafiki yake alikuja akatuambia kwamba wote wawili walikuwa wakivuta bangi tangu wana miaka 14, kila jioni, nyuma ya karakana. Wapendwa, sikieni lililotokea: maombi yalipungua. Wale waliokesha naye walianza kusema wana shamba, wana mgonjwa nyumbani, wana safari ya Kasindi. Tulimfunga tulipodhani ana pepo, na tulimwacha tulipojua ana bangi. Hakuna aliyetoa amri. Kila mmoja alirudi kwake akiwa na lile neno mdomoni.

Mama yake aliuza mbuzi wawili akampeleka hospitali. Wawili kati yetu tulimsindikiza, zaidi kwa aibu kuliko kwa upendo.

Muganga aliyempokea hakuanza na maswali ya bangi wala ya mashetani. Kwanza alimpima joto, akatoa damu kutafuta malaria, maana malaria ikipanda kichwani humfanya mtu aseme ovyo kama mwenye wazimu, na huua kwa siku chache. Aliuliza kama amewahi kuanguka kifafa, kama ameumia kichwa, kama amekuwa na homa ndefu ya tumbo. Sisi tulikuwa tumekaa naye miezi minne na hatukuwa tumeuliza hata moja kati ya hayo.

Kisha akaanza kitu tulichokiona kama mchezo wa watoto. Alimwambia afumbe macho na kugusa pua yake kwa ncha ya kidole, mkono wa kuume, halafu wa kushoto. Atembee juu ya mstari wa sakafu, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Apige meza kwa ngumi, kisha kwa ubavu wa kiganja, kisha kwa kiganja wazi, ngumi, ubavu, kiganja, upesi upesi bila kukosea mpango. Alimchorea tarakimu kiganjani kwa kalamu iliyofungwa, naye aseme ni ngapi pasipo kutazama. Alimtia kitu kidogo mkononi, kikawa ufunguo. Mwisho alipiga meza kwa kidole, kwa mdundo, akamwambia aurudie. Kijana alirudia mdundo ule sawasawa, halafu akaongeza wake. Mama yake alifunika uso kwa kitenge. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi kusikia mkono wa mtoto wake.

Tuliuliza maana yake. Muganga alitueleza kwa subira, na mengine tumejifunza baadaye kwa kusoma na kuuliza, kwa hiyo tunawaandikia yote pamoja.

Katika ugonjwa huu wa kichwa, mwanzoni kabisa, madaktari wa nchi nyingi wameona kwamba wagonjwa wengi wana udhaifu mdogo mdogo wa mwili. Mkono unachelewa kidogo, kiganja hakitambui tarakimu, mpango wa ngumi na ubavu unavurugika. Si kupooza. Mtu anaweza kulima, kuendesha pikipiki na kuoa, asijue kwamba anao. Wanaziita alama nyepesi za mishipa ya fahamu. Zinaonekana hata kwa mgonjwa ambaye hajameza kidonge chochote, na mara nyingi hata kwa ndugu zake wasiougua, ingawa kwa uchache. Ndiyo sababu wanadhani nyingi zinatoka mbali, wakati ubongo ulipokuwa ukijengeka tumboni na utotoni. Alama hizo peke yake hazimtangazi mtu kuwa mgonjwa. Msije mkaanza kuwapima vijana wa kwaya kwa ngumi na ubavu! Wako watu wazima wenye akili timamu ambao mkono wao ni mzito tangu kuzaliwa.

Sasa linakuja jambo lililotushangaza. Ungefikiri kwamba mgonjwa aliyevuta bangi angekuwa na alama nyingi zaidi, maana ameongeza moshi juu ya udhaifu. Lakini wataalamu wa Hispania waliokusanya mwaka 2012 uchunguzi uliokuwa umefanywa juu ya swali hilo walikuta, kwa jumla, kinyume chake: wagonjwa waliokuwa wakivuta walikuwa na alama chache kuliko wagonjwa wasiovuta. Nao wavutaji wasio na wazimu, waliopimwa Ufaransa mwaka 2013, walikuwa na alama zaidi kuliko watu wasioivuta kabisa. Kwa hiyo hatuwezi kusema bangi inanyoosha mkono. Moshi hautibu kitu hapo.

Wataalamu wana maelezo zaidi ya moja. Wengine wanasema kijana mwenye mkono mzito na haya nyingi hana marafiki wa kumpa bangi, kwa hiyo wavutaji ni wale wachangamfu tangu mwanzo. Huenda. Lakini maelezo yanayotuuma ni haya: kwamba kati ya wagonjwa waliovuta wamo wengi ambao udhaifu wao wa kuzaliwa ulikuwa mdogo. Nyumba yao ilijengwa kwa nguzo nzuri. Pengine wasingeugua kamwe, au wangeugua wakiwa wamekwisha kukua, kama moshi usingeingia mapema.

Hatusemi kwamba mpiga ngoma wetu ni mmoja wao. Muganga mwenyewe alikataa kusema hivyo. Alisema yanayoonekana kwa watu mia hayamhukumu mtu mmoja. Lakini turudi kwenye lile neno letu tukiwa na jambo hili mkononi.

Tuliposema "alijitafutia", tulikuwa tunawagawa wagonjwa mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wale waliopatwa na ugonjwa pasipo kosa, na hao wanastahili kitambaa cha mchango. Fungu la pili ni wavutaji. Tazameni basi: kama maelezo yale ni ya kweli, hao wa fungu la pili ndio hasa ambao kuanguka kwao kungeweza kuzuiwa. Na kuzuiwa na nani? Mtoto alianza akiwa na miaka 14. Macho yake yalikuwa mekundu kwenye mazoezi ya ngoma, nasi tuliyaona. Tulicheka tukasema ni usingizi, maana tulitaka ngoma. Mtu mzima ndiye aliyemuuzia. Kulima na kuuza bangi ni kinyume cha sheria, lakini katika Lubero inalimwa kwa sababu hupata bei na haiozi njiani kama nyanya, na inapita mikononi mwa wenye bunduki kabla haijafika mjini. Tukitafuta aliyejitafutia, mstari ni mrefu, na yeye amesimama mwishoni kabisa.

Tena kuna jambo la rafiki yake. Walivuta sigara ileile, jioni zilezile, miaka ileile. Rafiki leo anaendesha moto, ana mke na mtoto, kichwa chake ni kizima. Kosa lao ni moja kwa kipimo chochote mtakachochukua. Ikiwa ugonjwa ni adhabu ya kosa, mbona mmoja ameadhibiwa na mwenzake hapana? Huko Uswidi walifuatilia vijana 45,570 walioandikishwa jeshini mwaka 1969 na 1970. Taarifa iliyotolewa mwaka 1987, baada ya kuwafuatilia miaka 15, ilionyesha kwamba waliokuwa wamevuta zaidi ya mara 50 walipatwa na skizofrenia mara 6 kuliko wasiovuta. Hesabu iliyofanywa upya mwaka 2002, ikiondoa sababu nyingine za maisha yao, iliishusha hadi kama mara 3. Ni hatari kubwa, na yeyote anayemwambia mtoto wenu kwamba bangi ni majani tu ya Mungu hamtakii mema. Lakini hata kati ya wale waliovuta sana, walio wengi hawakuugua. Adhabu gani hiyo inayoanguka juu ya wachache na kuwaruka wengi wenye hatia ileile?

Wanafunzi walimkuta mtu aliyezaliwa kipofu wakamwuliza Bwana nani alikosa, yeye au wazazi wake. Mnajua kwamba hakuchagua hata mmoja kati yao. Alitengeneza tope, akaanza kazi.

Mzee mmoja wetu, ambaye tunamheshimu, alitupinga hapa. Alisema: "Mkiondoa neno la hatia, vijana wote watavuta." Ni hoja nzito, nasi hatuidharau. Hatuiondoi hatia ya kuvuta. Tangu mwanzo makanisa ya kinabii ya nchi yetu, na Wakimbangu mbele, yalikataza pombe na tumbaku, na bangi haikukaribishwa. Tunachokataa ni kuipima hatia kwa ukubwa wa ugonjwa. Tena kijana haogopi wazimu kwa kuwa mwenzake ameachwa bila dawa. Anachojifunza hapo ni kuficha. Rafiki wa mpiga ngoma alikaa miezi minne akijua, na hakusema, kwa sababu alijua tutakavyosema. Kama angesema siku ya kwanza, muganga angekuwa na la kufanyia kazi mapema, na siku hizo zilikuwa na thamani. Kadiri mgonjwa anavyokaa muda mrefu bila matibabu, ndivyo kupona kunavyokuwa kugumu. Hilo limepimwa mara nyingi.

Tuseme pia kwa nini wanavuta hapa kwetu, maana Uswidi si Beni. Tangu Oktoba 2014 watu wamekatwa kwa mapanga katika vijiji vinavyotuzunguka na hata ndani ya mji. Kuna watoto waliolala porini, waliokuta baba yao shambani asubuhi. Mtoto wa namna hiyo akipewa kitu kinachomletea usingizi usiku mmoja, atakitafuta tena kesho. Tunamwambia aache. Je, tunampa usingizi gani badala yake? Na tusidanganyane kwamba bangi ililetwa na vijana wa leo. Huko Kasai, katika miaka ya 1880, watu wa Kalamba Mukenge waliifanya kuwa kifungo cha urafiki wao, wakajiita Bena Diamba, wana wa bangi. Lakini mtoto wa miaka 14 anayeivuta kila jioni ni jambo jingine. Huko New Zealand, watoto waliozaliwa mji wa Dunedin mwaka 1972 na 1973 walifuatiliwa hadi ukubwani, na walioanza wakiwa na miaka 15 walionekana hatarini zaidi kuliko walioanza wakiwa na miaka 18. Ubongo wa umri huo bado unafunga milango yake.

Kuna sababu nyingine ya kuchelewa kwetu, nayo ni lazima tuiseme wazi. Tunaogopa daktari akituita wazimu. Simon Kimbangu alipotetemeka mwaka 1921, watumishi wa Wabelgiji waliona ugonjwa na uasi mahali ambapo watu waliona mkono wa Mungu. Alihukumiwa kufa, hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, akafa gerezani Elisabethville mwaka 1951. Makanisa yetu yana kumbukumbu hiyo ndani ya mifupa. Mtu akitetemeka, hatutaki mwenye koti jeupe atuambie ni nini. Tunaelewa. Ila kumbukumbu hiyo ilimgharimu mpiga ngoma wetu miezi minne. Kimbangu alijua anasema na nani. Alikula na watu, aliwatuma watu. Kijana wetu alimwogopa mama yake mwenyewe. Tungaliweza kuiona tofauti hiyo bila chuo kikuu.

Nasi tukakosea mara ya pili. Muganga alimpa haloperidoli. Siku ya tatu, akiwa nyumbani, shingo yake ilipinda upande mmoja, macho yakapanda juu, ulimi ukawa mzito. Mama mmoja wa maombi alipaza sauti: pepo anakataa kutoka! Nasi, baada ya yote tuliyoona, tulimwamini. Tulishauri vidonge vitupwe. Mama wa kijana hakubishana na mtu. Alimpakia kwenye moto, yeye nyuma akimshika, wakarudi hospitali. Ilikuwa ni dawa yenyewe, jambo linalotokea hasa kwa vijana wa kiume siku za kwanza, na linajulikana. Alichomwa sindano nyingine, na kabla ya saa moja shingo ilinyoka. Walipunguza kipimo wakaongeza kidonge cha kuzuia. Kumbukeni hili, wapendwa, kwa sababu wagonjwa wengi wanaachishwa dawa siku hiyohiyo, na wanaowaachisha ni watu wanaowapenda. Shingo ikipinda, rudini kwa aliyetoa dawa, upesi.

Wengine watauliza kama sasa tumeacha kuomba. Hatukuacha. Mwaka 1954 huko Aro, karibu na Abeokuta katika Nigeria, daktari Thomas Adeoye Lambo alianza kuwaweka wagonjwa wa akili katika vijiji vya jirani, kila mmoja na ndugu yake wa kumpikia. Walipata dawa, na jioni walikaa kati ya watu. Hakuwafukuza wazee wa dawa za kienyeji, aliwaita wafanye kazi naye. Tulipolisikia jambo hilo tulijiuliza: kijiji kama hicho, si ndicho kanisa? Tunazo sufuria, tuna mikeka, tuna watu wasiolala usiku. Kamba tumezichoma. Sasa mtu akiletwa kwetu na ugonjwa wa kichwa, siku hiyohiyo wawili wanampeleka kupimwa malaria, na wengine wanaanza kuomba. Hatumngoji mmoja ammalize mwingine. Na swali la bangi tunaliuliza faraghani, mapema, kwa sauti ileile tunayoulizia homa, kwa sababu anayeendelea kuvuta baada ya kuugua huanguka tena mara nyingi zaidi kuliko anayeacha.

Mpiga ngoma wetu ameacha, kwa shida, mara ya tatu ndiyo ilishika. Anameza dawa yake jioni. Amenenepa kidogo, jambo linalomchukiza, na anasema mikono imekuwa mizito kwenye midundo ya haraka. Hatujui kama ni ugonjwa au ni vidonge, na muganga anamfuatilia. Anapiga ngoma ndogo sasa. Kubwa anapiga rafiki yake.

Linabaki daftari. Maono yake yamo ndani, na tarehe zake, kwa mwandiko mzuri wa yule mzee. Baadhi yetu wanataka lichomwe pamoja na kamba. Yule mzee anasema kurasa mbili za kwanza ziliandikwa kabla usingizi haujapotea, na kwamba hawezi kuapa kuwa zile zilikuwa ugonjwa. Tumelijadili mara tatu katika baraza bila kukubaliana. Liko katika sanduku la kanisa, chini ya vitambaa vya meza. Kijana mwenyewe hajaliulizia.